Nusu Aya ya Telesia

Jioni kombe la baharini likipulizwa, kijijini kwetu, kisiwani Savai'i, huoni mtu barabarani. Kila nyumba inakaa chini kusali, na Biblia inazunguka mkekani: unasoma aya yako, unampa aliye kando yako. Nyumbani kwa Matalena kitabu hicho kilikuwa kikizunguka mpaka chakula kinapoa, maana alizaa watoto saba. Wote wakavuka bahari, wengine Auckland, wengine Brisbane. Kitabu kikawa kinatoka kwake kwenda kwa mumewe Peniamina na kurudi, na sala ikawa fupi mno.

Alikuwapo mjukuu mmoja, Telesia, wa miaka mitano, aliyeletwa kwao angali wa chupa. Mama yake, Sieni, alikuwa Auckland, na alikwisha kusema kwamba baada ya Krismasi angekuja kumchukua. Matalena hakupinga, mtoto ni wa mama yake. Alitamani jambo moja tu: kabla ya kuondoka, Telesia apokee kitabu pale mkekani na asome aya yake mwenyewe.

Mwanzoni alidhani kazi imekwisha. Telesia alikuwa akishika njiti ya ufagio, anagonga chati ya herufi ukutani na kuimba yote, kuanzia picha ya kikapu hadi ya mtumbwi, huku babu yake akipiga makofi. Siku moja Matalena akagonga katikati ya chati.

"Hii je?"

"Ngoja bibi, nianzie mwanzo."

Matalena akaziba picha ya kuku kwa kiganja. Mtoto akaitazama herufi iliyobaki kama anavyotazamwa mgeni.

Kosa hili ni letu, si la Telesia. Tunaimba herufi tangu tungali migongoni, nyumbani na darasani kwa mchungaji wa kanisa, na mtoto akiimba vizuri tunasema anajua kusoma. Hajui. Ameimba. Anayempa mtoto makofi asiyostahili anamwibia.

Matalena akachukua mkasi, akakata picha zote kwenye chati.

"We mwanamke!" Peniamina akashtuka. "Chati waliyosomea watoto wetu wote! Kesho utakata na paa?"

"Paa halimdanganyi mtoto."

"Haya, mwalimu. Hata kuku wameanza kukukimbia."

Kuanzia hapo walisoma kwa mikono. Matalena alikunja njiti mbichi za mnazi zikawa herufi, na Telesia akazipapasa macho yamefumbwa. Alimshika mkono akamwekea kooni pake mwenyewe, asikie sauti ikinguruma mdomo umefumbwa: mmm. Alimwambia apulize kiganjani ausikie upepo wa fff. Kisha wakaokota kokoto zilizotandazwa sakafuni, kila sauti kokoto moja. Kwa neno moa, yaani kuku kwa lugha yetu, Telesia aliweka tatu, akasukuma ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu akazikusanya zote kwa mkupuo mmoja.

"Moa! Bibi, ni kuku!"

"Ni kuku. Na picha haipo."

Ilikwenda polepole. Mtoto alichoka, akalia, akaficha kokoto chini ya mkeka. Ndipo Sieni akapiga simu: likizo yake imewahishwa, anakuja Novemba. Matalena akaongeza somo la asubuhi. Peniamina, kwa huruma, akafanya yake kimyakimya.

Jioni ya kwanza ya Sieni nyumbani, kombe likalia, wakakaa. Matalena akasoma, Peniamina akasoma, kitabu kikamfikia Telesia. Akakiinua, akatamka bila kusita ile aya fupi ambayo kila mtoto wa kijiji huikimbilia. Sieni akamvuta kifuani machozi yakimtoka.

"Mwanangu anasoma! Mama, umemfundisha kweli!"

Aya ile haikuwamo kwenye ukurasa. Matalena alimtazama mumewe, naye Peniamina akawa anakuna goti. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Binti yake alikuwa na furaha, na yeye mwenyewe alikuwa ameingoja sauti ya tatu kwa muda mrefu.

"Hiyo babu yako amekuimbisha," alisema. "Weka kidole hapa. Soma ya leo."

"Mama, jamani, mwache," Sieni akasema. "Ni mtoto."

"Ndiyo maana simdanganyi."

Telesia akaweka kidole. Mkono wa pili akaupeleka kooni. Akaingurumisha herufi ya kwanza, akavuta ya pili, akarudi nyuma, akaziunganisha. Neno. Akahema. Neno jingine. Sieni alitaka kumnong'onezea, Matalena akamzuia kwa jicho. Magimbi yalipoa. Mtoto alifika katikati ya aya, kwenye neno refu, akalijaribu mara kadhaa, kisha akafunga kitabu.

"Nimechoka, bibi."

"Umesoma," Matalena akamwambia. "Hizo ulizosoma ni zako."

Hakuna aliyepiga makofi. Peniamina aliongoza sala ya mwisho.

Siku zilizobaki zilikwenda kwa kuaga jamaa na kufunga mizigo. Bandarini, Telesia alimshika bibi yake sketi.

"Nusu ile nyingine nitaisoma lini?"

Matalena akamgeukia Sieni. "Umesikia. Usimsomee. Kaa naye chini."

"Nitajaribu, mama. Lakini nafanya zamu ya jioni."

"Basi kaeni asubuhi."

"Asubuhi nalala, mama."

Matalena alitaka kusema zaidi, lakini watu walikuwa wanasukumana kuingia feri ya kuvukia upande wa uwanja wa ndege. Akamfunga mtoto vifungo vya koti, koti zito ambalo Savai'i hakuna anayelihitaji, akalifunga hadi kooni, pale alipomfundisha kuweka mkono.