Nilimrudisha Momanyi kwa baba yake mkubwa mara mbili, na mara mbili akatoroka

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hili sikusimuliwa na mtu, ni langu mwenyewe, na bado linanikereketa.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa nguo, cherehani yangu iko barazani mjini Kisii.

Asubuhi moja nikakuta mtoto amelala chini ya meza yangu. Miaka kama tisa, miguu imejaa funza. Jina lake Momanyi, wazazi wote wamekufa.

Nikauliza watu sokoni, wakaniambia ukoo wa babake uko Suneka.

Basi! Kwetu Wakisii mtoto ni wa ng'ombe. Babake alilipa ng'ombe wa mahari, kwa hiyo mtoto ni wa huko, na shamba lake liko huko. Nikamtoa funza, nikamshonea kaptura na shati la shule, nikampeleka kwa baba yake mkubwa.

"Asante mama fundi, umeturudishia damu yetu," mzee akasema.

Nilirudi mjini nikijiona mtu wa maana. Hata Sabato hiyo nikatoa ushuhuda kanisani, eti!

Wiki mbili tu, huyo hapa chini ya meza. Yunifomu hakuna.

Nilikasirika jamani. Nikamwita mtoro, asiye na shukrani, nikamrudisha siku hiyo hiyo nimemshika mkono. Njia nzima nilisema mimi tu. Na nilisema mengi, wacha tu.

Lakini tangu hapo sikutulia. Kila nikifika kazini nainama kuangalia chini ya meza, na sijui nilikuwa naomba nimkute au nisimkute. Nguo za watu nilizikata vibaya wiki hiyo.

Mara ya tatu alikuja mkono umevimba. Ng'ombe aliokuwa akichunga waliingia mahindi ya jirani, baba mkubwa akampiga rungu. Shuleni hakuwa amefika hata siku moja.

Nikalia. Ndipo nikauliza, "Sasa mwanangu, wewe unataka kwenda wapi?"

"Kwa nyanya, Sironga." Mama mzaa mama.

"Lakini kule hutapata shamba."

"Sitaki shamba."

Tulimkuta nyanya akimenya ndizi. Alimtazama, kisha akamtania vile nyanya zetu hutania wajukuu: "Mume wangu! Ulioa mwingine huko mjini?"

Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Alikaa, akasoma, leo ana wajukuu wake. Shamba la Suneka hakupata, na ule mkono haunyooki vizuri hadi leo.

Juzi alinitembelea, nikashindwa kuvumilia. "Momanyi, mbona hukuniambia siku ya kwanza?"

"Hukuniuliza, mama."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Nyinyi mnaosaidia watoto wa mtaani, mila ziheshimuni, lakini mtoto naye ana mdomo. Ungekuwa wewe ungempeleka wapi? Niambieni, hata kama ni kunikemea nitasoma.