Kikombe cha Dada, Vidonge vya Daktari

Mama Majani, muuza dawa za mitishamba, alikuwa na mdomo, hilo tuseme ukweli. Watu wa mtaa walipomuuliza kama dawa yake ya kushusha mafuta kwenye damu inafanya kazi, aliwajibu kwamba dawa yake haiogopi mashine: kunywa, kisha nenda kapimwe. Basi mdogo wake wa kiume, kinyozi, alipoambiwa hospitali kwamba kolesteroli imepanda na moyo uko hatarini, mdomo ule ukamponza.

"Vidonge weka kando kwanza," akamwambia mbele ya wateja. "Nataka tujue ni dawa ya nani inayoponya."

"Haya, dada," kinyozi akaitikia, akapokea chupa yake.

Tangu hapo Mama Majani hakuwa na raha. Kila akichemsha magome alimkumbuka marehemu baba yao, alivyoanguka ghafla mlangoni kwa moyo huo huo. Mara kadhaa alishika simu amwambie mdogo wake arudie vidonge, akashindwa. Angeanzaje, na mtaa mzima umeshasikia majigambo? Akawa anapita saluni kila siku, eti kaleta dawa, kumbe anachungulia tu kama mtu wake anahema vizuri.

Siku ya majibu ya vipimo alimkuta peke yake, anafagia nywele. Mafuta yameshuka, tena sana. Mama Majani akajitupa kwenye kiti cha wateja.

"Si nilikwambia?" akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Kinyozi akauegemeza ufagio ukutani. "Dada, usinikasirikie. Vidonge sikuacha. Nilimeza huku na yako nakunywa, mpaka ulimi umesahau utamu. Niliogopa kufa, na wewe nilikuogopa zaidi."

Akasubiri matusi. Dada mtu akajifunika uso kwa mtandio, akalia, akacheka, akalia tena. Jaribio lake limeharibika, hakuna tena wa kujua kilichoshusha mafuta ni magome au vidonge, lakini roho yake imetulia kwatu.

"Nashukuru Mungu una kichwa kigumu," akasema.

"Kwa hiyo hujakasirika?"

"Nimekasirika sana. Chupa yangu nirudishie. Kesho tunakwenda wote kwa daktari, ukamwambie ulichokuwa unachanganya. Leo umeshameza?"

"Bado."

Mama Majani akainuka, akamimina maji kwenye kikombe, akamshikia.

"Meza nikuone."