Muhuri Wangu na Kichanga Asiyenyonya

Aibu hii nimeificha muda mrefu, na kama nisingekuwa mtu wa kujiamini (mnanijua) ningeendelea kuificha, lakini leo acha niwape yote mcheke mnavyotaka.

Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nirudi kutoka ng'ambo na diploma yangu ya maabara, mimi niliyeanza kwa kuchunga mbuzi wa baba na kusoma kwa kibatari, na hospitali yetu ndogo upande wa Mungaa haikuwa imewahi kupata mtu wa kuhesabu chembe za damu, kwa hiyo msishangae nikisema nilitembea mle ndani kana kwamba nimeijenga mimi.

Asubuhi hiyo akaja bibi mmoja na mkaza mwanawe, wamebeba mtoto wa siku nne. Daktari alikuwa amekwenda Singida mjini. Mkunga wetu, Mama Eliza, akaniomba nipime kama vijidudu vimeingia kwenye damu, maana ugonjwa huo unaweza kummaliza kichanga kwa siku moja. Nikamtoboa kisigino, nikahesabu chembe nyeupe, nikakuta chache. Sasa, kila mwenye diploma anajua kwamba vijidudu vikiingia chembe nyeupe huongezeka, kwa hiyo nikaamua kwamba zikiwa chache mtoto yu salama. Ilibaki slaidi, kile kioo chenye tone la damu, iliyokuwa kwenye rangi, ya kuzitazama chembe zenyewe zilivyo, lakini nilialikwa kuhutubia mkutano wa kijiji (mtaalamu wa kwanza wa kwao!) na tai ilikuwa bado haijafungwa. Nikaandika MZIMA, nikagonga muhuri, nikawapa karatasi, wakaondoka.

"Hanyonyi, mwanangu, na mwili umepoa," akasema Mama Eliza. "Soma slaidi kwanza."

"Mama, mimi nimesomea damu, sikusomea kunyonyesha."

Mama Eliza akaiosha slaidi, akaikausha, akaiweka kwenye darubini na kusimama pale mikono kifuani mpaka nikaona haya, nikainama kutazama huku nafunga tai. Tai nikaiachia njiani. Chembe nyeupe zilikuwa chache kweli, lakini karibu zote zilikuwa changa, zile ambazo mwili huzitoa mbiombio wakati zilizokomaa zimeshakwisha vitani. Mtoto alikuwa anakufa, na karatasi yangu ilikuwa inampeleka nyumbani.

Nikatoka mbio, koti jeupe linapepea, tai imening'inia upande mmoja, viatu vya ng'ambo vinateleza, na akina mama wakidhani nafukuza mwizi wakaanza kupiga yowe. Bahati nzuri bibi yule alikuwa amesimamishwa mkutanoni, kwa sababu siku ile hakuna aliyeruhusiwa kupita bila kusikiliza hotuba.

"Ndugu wananchi, mtaalamu wetu huyo!" akasema mwenyekiti, na watu wakapiga makofi.

Nikampita, nikaenda moja kwa moja kwa bibi. "Shikamoo bibi. Mrudisheni mtoto, anahitaji sindano sasa hivi."

"Marahaba. Harudi. Karatasi imesema mzima." Akainyanyua watu waione. "Ina muhuri. Serikali inadanganya?"

Makofi yakakatika. Mwenyekiti akanitolea macho. Ningeweza kumvuta pembeni, lakini kichanga hakuwa na muda wa kusubiri heshima yangu.

"Serikali haidanganyi, bibi," nikasema kwa sauti. "Mimi ndiye niliyekosea. Niliharakisha kuja kuhutubia."

"Na diploma ilikuwa wapi?" akauliza mzee mmoja, na mkutano mzima ukaangua kicheko.

"Ilikuwepo, baba. Mwenyewe ndiye hakuwepo."

Bibi akaichana karatasi vipande vinne, akamshika mkaza mwana mkono, wakarudi nami. Mama Eliza alikuwa ameshachemsha sindano, akamdunga mtoto papo hapo. Siku mbili mtoto alilala tu. Siku ya tatu mchana akalia kwa hasira, akalishika titi.

Mpaka leo sijaona mkoani anayehesabu chembe haraka kuliko mimi, hilo silifichi. Lakini muhuri sigongi kabla ya kusoma slaidi, na mkunga akiniambia mtoto hanyonyi, naliandika hilo juu kabisa ya fomu, kabla ya hesabu yangu yoyote.