Mngurumo Niliounyamazisha

Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya mkate, na mwanamke aliyesimama mbele yangu akageuka kuniuliza kama nitakwenda kwenye kilio. Nikamwuliza kilio cha nani. "Ya ule mama ya simu," akasema, "ule anaikala kule chini, karibu na reli. Habakukuambia? Balimukuta jana asubuyi, na alikuwa peke yake." Nilitoka kwenye foleni bila mkate. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba sipendi kuandika juu ya waliotutoka, kwa sababu marehemu hawezi kunisahihisha, nami nimezoea kusahihishwa. Lakini kuhusu huyu nina jambo la kuungama, na nisipoliungama hapa sitaliungama popote.

Tulimwita mama wa simu kwa sababu kwa miaka mingi alifanya kazi katika chumba cha simu cha kiwanda, enzi zile ambapo hukuweza kuzungumza na mtu aliye mbali bila kupita kwanza kwa mwanamke aliyeketi mbele ya ubao wenye matundu. Ukiinua simu ofisini, yeye ndiye aliyeitikia, akauliza unamtaka nani, akachomeka waya hapa na pale, na watu wawili wakasikilizana. Chumba hicho kilipofungwa alirudi nyumbani kwa mumewe, fundi wa mitambo, ambaye baadaye alimwacha mjane. Binti yake mmoja yuko Lubumbashi, watoto wengine wawili wako ng'ambo. Sikuwa rafiki yake, na sitaki kujifanya hivyo sasa kwa kuwa hawezi kukanusha. Tulisalimiana baada ya misa. Aliniita Papa ya gazeti, nami nikamwita Maman, kila mtu akashika njia yake.

Mwaka jana, baridi ya miezi yetu ya kiangazi isiyo na mvua ilipoanza, alinishika mkono nje ya kanisa. "Papa ya gazeti, banasema unajua mambo ya waya. Binti yangu alinitumia bafle ya mupya. Minye nataka ile tourne-disque ya bwana yangu iimbe mule ndani." Nikafurahi kuombwa, maana ni kweli kwamba napenda kuchezea waya, na nyumbani kwangu hakuna anayevutiwa na kipaji hicho. Jumamosi hiyo nikaenda. Sebule yake ilikuwa safi mno, kama vilivyo vyumba ambavyo hakuna anayeingia kuvichafua. Viti viwili vya mikono vilielekea meza iliyo ukutani, na juu yake ilikuwa mashine ya santuri, ile tourne-disque ya mumewe, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Spika zilizotoka kwa binti, ndizo alizoziita bafle, zilikuwa za siku hizi, zilizotengenezwa kupokea muziki wa simu. Nilichomeka waya mwekundu na mweupe wa mashine moja kwa moja nyuma ya spika, nikaweka sindano juu ya santuri, na kilichotoka kilikuwa chembamba kama sauti ya mtu anayeimba katika nyumba ya tatu kutoka hapo.

Nikamweleza, kwa lugha ya mtu anayefundisha, kwamba sindano hutoa sauti ndogo sana, na spika za leo hungojea sauti iliyokwisha kukuzwa, kwa hiyo katikati lazima kiwepo kisanduku kidogo cha kuikuza. Alitikisa kichwa taratibu. "Kama laini ya mbali," akasema. "Ya Kolwezi tulikuwa tunaiongeza nguvu mu njia." Hapo ningepaswa kujua ni nani anayemfundisha mwenzake. Baada ya wiki mbili rafiki yangu aliniletea kisanduku hicho kutoka Lubumbashi. Nilipokiunganisha sauti ilikua, lakini pamoja nayo ukaja mngurumo mzito, kama wa friji kuukuu. Nikautafuta ule waya mwembamba wa tatu unaotoka kwenye mashine, ambao wengi huudharau, nikaufunga chini ya skrubu ndogo ya kisanduku. Mngurumo ukakatika palepale, magitaa ya rumba yakajaza sebule. Aliketi kwenye kiti kimoja, akanionyesha kile kingine. Tulisikiliza upande mzima wa santuri. Sindano ilipofika mwisho akasema, "Bwana yangu alikuwa anaikala pale," akimaanisha nilipokaa, kisha akaenda kuleta chai na karanga za kuchemsha.

Siku kumi hazikupita akanipigia simu. "Papa, ile mashine inaanza tena kulia. Kama uko na wakati, ukuye kuangalia." Nikaenda, nikakuta ule waya mwembamba umetoka chini ya skrubu. Nikaufunga. Tukasikiliza upande mmoja, tukanywa chai. Wiki mbili baadaye mambo yalikuwa yale yale, na mwezi uliofuata vilevile. Kila mara, baada ya santuri, alinipa kisa kimoja cha chumba cha simu. Kimoja sikisahau. Wafanyakazi wa tanuri hawakuruhusiwa kupokea simu za nyumbani wakiwa kazini. Siku moja muuguzi wa hospitali akapiga kusema mke wa kijana mmoja wa tanuri, aliyekuwa na uzazi mgumu, amejifungua salama. Mama wa simu akachomeka waya hadi tanurini. Kijana akapokea, akapiga kelele, "Mutoto muzima? Na mama yake muzima?" kwa nguvu kiasi kwamba mkuu wa zamu alisikia kila neno. Alipoitwa kujieleza, mama wa simu alisema, "Chef, waya zilichanganyikana zenyewe." Alicheka sana akinisimulia, akiwa ameziba mdomo kwa kitenge. Nami nikacheka, bila kufikiria zaidi.

Mara ya tano aliponiita nilikuwa na makala ya kumaliza na wageni nyumbani. Nilifika na haraka zangu, nikainama nyuma ya kisanduku, na kwa mara ya kwanza nikaitazama vizuri ile skrubu. Ilikuwa imefunguliwa karibu kudondoka, na katika ufa wake kulikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa. Kisu kidogo cha kumenyea kilikuwa dirishani, hatua moja kutoka pale. Meza ile haikutikiswa na mtu yeyote. Skrubu haijizungushi yenyewe. Nilielewa, wasomaji wangu. Hilo ndilo ninaloliungama: nilielewa. Ningeweza kuketi, kumwambia kwamba nitakuja kila Jumamosi hata mashine ikiwa nzima. Badala yake nikaenda nyumbani, nikarudi na kifaa cha kulehemu, nikauyeyushia waya ule risasi hadi ukashikamana na chuma. Alisimama nyuma yangu muda wote.

"Sasa haitatoka tena?" akauliza.

"Haitatoka, Maman."

"Ata kidogo?"

"Ata mukiivuta."

Akaangalia lile tone la risasi likipoa. "Merci, papa," akasema. "Unafanya kazi muzuri." Nikamwambia chai itangoja siku nyingine. Alinisindikiza hadi mlangoni, na nilipofika barabarani niliusikia muziki nyuma yangu, safi kabisa, bila mngurumo.

Hakunipigia tena. Miezi ikapita. Nje ya kanisa nilimwuliza hali ya mashine, akajibu kwamba inaimba vizuri, haina shida. Nilijivuna. Niliwahi hata kuwasimulia marafiki, kwa mzaha, jinsi nilivyomweza mama mmoja mjanja. Walicheka, na mimi nikacheka kuliko wao.

Kwenye kilio, binti yake aliyetoka Lubumbashi alinitafuta kati ya watu. "Ni weye Papa ya gazeti?" Nikakubali. "Maman alikuwa anapenda kuniambia: siku ya posho niko na mugeni." Posho kwetu ndiyo Jumamosi. "Minye nikamwambia, Maman, naweza kukutumia fundi atengeneze ile mashine sawasawa. Akacheka. Akasema, acha, ile waya minye najua kuifunga kuliko bafundi bote." Alifuta macho, kisha akaniuliza kwa upole, pasipo lawama yoyote, "Kiisha akaacha kusema juu yenu. Mulikosana?"

Nikamjibu kwamba hatukukosana. Ni kweli, na ukweli huo umenikalia vibaya kuliko uongo. Tungekosana, ningekwenda kuomba radhi, na huenda tungeketi tena. Nilichofanya kilikuwa kizuri mbele ya kila shahidi: nilimtengenezea mjane mashine yake, tena kwa namna ambayo haitaharibika. Mwanamke aliyetumia ujana wake kuunganisha watu na watu alibakiwa na waya mmoja tu wa kumwunganisha na mtu, nami nikaufunga upande usiofaa.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo juu ya mji wetu. Zamani tuliingia nyumbani kwa watu kwa sababu tulipungukiwa na vitu. Aliyekuwa na redio alikuwa na wageni; aliyekuwa na pasi alibishiwa hodi; hata kusikia habari za ndugu yako ilibidi upite katika masikio ya mama wa simu. Leo kila mtu ana chake mfukoni, hodi zimepungua, na watoto wamefuata kazi Kolwezi, Lubumbashi na mbali zaidi. Wanatuma vitu vizuri. Binti yule hakumsahau mama yake; alimtumia spika. Wala silalamiki juu ya simu zetu, maana ndizo zinazotuletea sauti za hao watoto. Nasema tu kwamba wazee waliobaki katika nyumba hizi za matofali wamekuwa na sababu chache za kumwita mtu, na mtu mwenye heshima zake hawezi kusimama uani na kutangaza kwamba yuko peke yake. Ataanza na bomba linalovuja. Ataanza na barua asiyoielewa vizuri, ingawa amesoma kuliko wewe.

Juzi mwalimu mstaafu wa barabara ya pili kutoka kwangu, ambaye mkewe amekwenda kukaa na wajukuu, alinipigia kusema redio yake haikamati kitu. Nilianza kumwelekeza kwenye simu jinsi ya kugeuza antena, nikajisikia nikiongea, nikanyamaza, nikavaa viatu. Redio ilikuwa imekufa kweli. Niliifungua, nikaitazama, nikaifunga tena, nikamwambia wazi kwamba siiwezi. Wala hakuonekana kusikitika. Tulizungumza mpaka birika likaisha, na aliponisindikiza nilimngoja aniulize ni fundi gani ataiweza redio yake. Aliniuliza kama nitarudi.