Jumamosi za Mama

Nyumbani kwetu Kikwajuni udi haukuwa ukichomwa ovyo. Ulikaa kabatini ndani ya kopo la maziwa ya unga, umefungwa kitambaa, na ulitolewa kwa Idi, kwa hitima na kwa wageni wa maana. Kwa hiyo Alkhamisi ile niliporudi kutoka chuoni kusoma Kurani, juzuu yangu kifuani, na harufu ya udi ikanipokea tangu chini kwenye ngazi za ghorofa, nilijua kuna jambo. Ilikuwa imechanganyika na ya kahawa na tangawizi, na chini yake kulikuwa na harufu ya samaki wa kukaanga ambayo haikuwa ikitoka katika ngazi zile hata ufanyeje. Nikapanda mbio. Mama alikuwa amevaa dera lake la buluu ambalo halikuwa likitoka sandukuni, na mkeka mpya ulikuwa umetandikwa. Dada yangu Rukia alikuwa jikoni, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono mapajani. Nilimuuliza kuna nini. Akanijibu, "Wanakuja kuniposa," kwa sauti ile ile ambayo watu hutumia kusema kwamba maji yamekatika.

Rukia alikuwa na miaka kumi na sita na ndio kwanza amemaliza kidato cha nne. Mimi nilikuwa na tisa. Baba yetu, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo bandarini Malindi, alifariki kabla sijaanza skuli, na tangu hapo mama alituendesha kwa sindano yake: alishona kofia za vitobo, zile nyeupe ambazo wanaume wetu huvaa na kanzu, akiinamia kila kitobo mpaka shingo inakataa kunyooka. Rukia hakuwa na subira ya sindano. Yeye alipenda kujua kitu kinachonguruma kinanguruma kwa nini. Siku moja aliligeuza friji bovu la jirani yetu Bi Mize, akalifungua mgongo kwa kisu cha kukatia vitunguu, na Bi Mize akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Friji likaanza tena kufanya baridi. Matokeo yalipotoka, Rukia alipata nafasi kwenye kituo cha mafunzo ya amali, kusomea ufundi wa mafriji na viyoyozi. Kituo kilikuwa shamba, mbali na mji, na wanafunzi walilala dahalia, mabweni ya hapo hapo kituoni. Mzazi alitakiwa akubali kabla masomo hayajafunguliwa, na kila Rukia alipomkumbusha, mama alisema, "Tutaona," akaendelea kushona.

Skuli ya Rukia ilikuwa na utaratibu wake kwa wazazi wa namna ya mama. Hawakuwaita ofisini. Walimtuma mwalimu mmoja pamoja na wazazi wawili ambao watoto wao walikuwa wameshapita njia hiyo, wakae na mzazi nyumbani kwake, wazungumze kiungwana. Jambo zuri. Ila mwalimu alimpa Bi Mize salamu amfikishie mama, kwamba Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri watakuja wanawake watatu kwa ajili ya Rukia, na hakusema zaidi. Ukimpelekea mama wa Kiunguja mwenye msichana wa miaka kumi na sita salamu za namna hiyo, usishangae akitoa udi. Wanawake ndio hutangulia kwenye posa, wanaume hufuata. Mama alimwita Ami Haji, kaka yake baba, kwa kuwa ndiye mwenye kauli, na kabla ya adhuhuri ngazi zote za ghorofa letu zilikuwa zinajua.

Walikuja watatu kweli, wamevaa mabuibui yao mazuri, na mmoja amebeba sahani ya halua iliyofunikwa kawa. Ami Haji alikaa ukumbini, pazia likiwa katikati, kama inavyotakiwa. Mimi nilikaa miguuni pa Rukia jikoni, mlango wazi. Wakaulizana hali, za nyumbani, za wagonjwa, za joto. Mwalimu akamsifu Rukia: ana adabu, ana akili, anasali. Mama akashukuru kwa sauti ndogo. Mambo yalikwenda polepole na kwa heshima kubwa, nadhani polepole mno kwa Ami Haji, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua, maana alikohoa nyuma ya pazia akasema, "Alhamdulillahi, tumesikia. Mtoto tunaye na sisi hatuna kizuizi. Sasa huyo mume ni nani, na ukoo gani?"

Mwalimu akasema taratibu, "Jamani, mume yupi?"

Sikumbuki walivyojieleza. Nakumbuka kwamba mama aliinuka, akachukua chetezo chenye udi akakitia ndani ya beseni la maji, na moshi mkubwa mweupe ukapanda. Akawaambia, bila ya kuwatazama, "Mtoto wangu hendi popote. Kunyweni kahawa yenu." Ami Haji alitoka bila ya kuaga. Kwa siku nyingi baada ya hapo, watu kwenye ngazi walikuwa wakicheka chini kwa chini tukipita. Mama hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, lakini nilimwona akishona kofia, akifumua, akishona pale pale. Rukia alilala akiuelekea ukuta. Nilimwonea huruma, kwa sababu hata mimi niliona kwamba mama hajawakatalia masomo. Alikuwa amekatalia aibu, na anayeilipa ni Rukia.

Mmoja wa wale watatu alirudi. Alikuwa Bi Salma, mwanamke mnene wa mtaa wa pili, ambaye binti yake alikuwa ameshamaliza kituo hicho hicho. Alikuja bila sahani na bila buibui zuri, amejitanda kanga tu, akapiga hodi akasema, "Bi Aisha, mie nimekuja kukaa." Akakaa. Akachukua sinia ya mchele akaanza kuchagua. Hakumtaja Rukia. Siku ya pili akaja tena, na ya tatu, akazungumza bei ya muhogo, na mguu wake unaovimba, na mkwe wake asiyejua kupika urojo. Mama alikuwa akimjibu neno mojamoja, halafu mawili, halafu siku moja nikamsikia akicheka. Ndipo Bi Salma alipomwambia kwamba Jumamosi asubuhi kuna wazazi wanakutana darasani pale skuli, wazazi wenye watoto wa umri ule. "Hakuna hotuba," alisema. "Tunakaa tunaambizana yaliyotushinda. Njoo usikilize, ukichoka uondoke."

Jumamosi ile mama alinishika mkono akaenda na mimi, nafikiri ili awe na kisingizio cha kurudi mapema. Chumba kilinuka chaki na jasho la watoto wa wiki nzima. Watu wazima walikuwa wamekaa kwenye madawati madogo, magoti juu, na kwa macho yangu ya utoto ilikuwa kichekesho. Kulikuwa na kinyozi, kulikuwa na mama mmoja Mkristo muuguzi, kulikuwa na Bi Mosi aliyetoka Matemwe tangu alfajiri, mkulima wa mwani, vidole vyake vimepasuka kwa chumvi. Bi Mosi ndiye aliyezungumza. Mwanawe wa kiume alikuwa akisomea upishi wa mahoteli. "Mimi wangu keshakwenda," alisema. "Na sote tulifurahi. Lakini akija nyumbani nnamuuliza, mwanangu, umesoma nini wiki hii? Ananambia, mama, hutofahamu. Basi nnanyamaza. Nnakwenda zangu pwani nnafunga mwani, nnalia huko huko, maji ya bahari yapo tele hakuna wa kunijua." Wengine walicheka kidogo, naye akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nilihisi mkono wa mama ukinikaza. "Hilo ndilo nnaloliogopa mimi," alisema. "Watu nnawaambia nnaogopa dahalia, nnaogopa wavulana. Uongo. Rukia ana akili kunishinda, mimi sikufika mbali. Nnaogopa atarudi hanijui." Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia mama akisema anaogopa. Nilitaka kumziba mdomo. Nilitazama nyuso za wale watu, nikidhani watamcheka kama walivyomcheka kwenye ngazi, na hakuna aliyecheka. Kinyozi alikuwa akiitikia kwa kichwa. Hawakumwambia asiogope. Bi Salma alisema tu, "Usimuulize kasoma nini. Hata wangu alikuwa hajibu. Mwambie akuoneshe. Mpe kitu mkononi, umshikie taa, akuoneshe." Yule muuguzi akaongeza kwamba kabla ya kukataa dahalia, mtu aende akaione.

Basi wakenda, mama na Bi Salma na muuguzi yule, na mimi nikachukuliwa. Mama aliikagua dahalia kama anayenunua nyumba. Alitikisa makomeo ya milango ya choo, alibonyeza magodoro, alimuuliza mlezi wa wasichana nani anafunga geti na nani ana ufunguo. Jumamosi iliyofuata tulikwenda tena kwenye lile darasa la wazazi, na Bi Mosi akaleta habari kwamba alimwambia mwanawe ampikie, naye akampikia samaki kwa mchuzi usio na nazi. "Hauna ladha," alisema Bi Mosi, "lakini nlikula wote, na alinieleza kila alichotia." Mama alicheka mpaka akainama.

Kilichobaki ni Ami Haji. Alikuja Ijumaa baada ya sala, akakaa kitini, hakutaka chai. Alisema ametiwa aibu mbele ya watu, kwamba alitoa kauli ya ukoo kwa wageni wasiokuwa na posa, na kwamba njia ya kuifuta ni moja tu: Rukia atafutiwe mume kweli, na haya ya mafriji yaishe. Rukia alikuwa mlangoni. Niliona vidole vyake vya miguu vikijikunja sakafuni.

Mama aliweka chini kofia aliyokuwa akiishona. "Shemegi," alisema, "Alkhamisi ile ulinijibia, na mimi ndiye nliyekuita, sikulaumu. Hili la leo nnajibu mwenyewe. Rukia anakwenda kusoma."

"Na akiharibika huko?"

"Atakuwa wangu vile vile. Ntamwendea. Wala sendi peke yangu, shemegi, nna watu wa kwenda nao."

Ami Haji akaomba chai. Hakutoa baraka siku ile, wala hakukataza tena, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jingi. Rukia hakushukuru. Alikwenda jikoni akafungua bomba la maji mpaka mwisho, ili tusimsikie analia.

Rukia aliondoka na begi moja na ndoo, na mara ya kwanza aliporudi nyumbani mama hakumuuliza kitu. Alimpeleka kwa Bi Mize, akamwambia, "Nioneshe." Nawaona mpaka leo, wamechutama nyuma ya friji, mama ameshika tochi kwa mikono miwili, Rukia anataja majina ya mabomba, mama anayarudia vibaya, Rukia anamsahihisha bila ya kejeli. Sisemi kwamba hofu ya mama ilikuwa bure. Rukia alibadilika. Alianza kuzungumza haraka, akawa na marafiki ambao hatukuwajua, na kulikuwa na likizo alizokaa nasi huku roho yake iko kwingine. Mama aliumia, akaenda Jumamosi akasema kwamba ameumia, akarudi nyumbani akapika. Aliendelea kwenda hata baada ya Rukia kumaliza na kupata kazi kwenye mahoteli ya pwani, akikaa kwenye madawati yale na wazazi wapya, mpaka miguu yake ilipokataa ngazi. Sasa ni marehemu. Rukia ndiye aliyemuuguza, na sijui mtoto aliyemjua mama yake kuliko yeye.

Leo nina mtoto wangu wa kiume wa umri ule. Mwezi uliopita alikwenda Dar es Salaam kusomea umakanika wa meli. Hakuna aliyekuja kuchagua mchele nyumbani kwangu. Siwalaumu, watu wana kazi, na hata mimi mlango wangu una geti la chuma. Tuna kundi la wazazi kwenye simu, na ni kundi zuri: ratiba zinafika, sare zinaelezwa kwa picha, kila Ijumaa tunatakiana Ijumaa njema kwa maua yanayometameta. Nilijua kila kitu kuhusu safari ya mwanangu. Usiku wa kuamkia safari niliandika humo sentensi moja kuhusu ninavyojisikia, nikaitazama, nikaifuta, nikaweka alama ya kidole gumba kwenye tangazo la muda wa kuripoti.

Asubuhi, boti ilipokwisha kuondoka Malindi, nilibaki nimesimama kwenye uzio. Pembeni yangu alikuwepo mwanamke wa makamo, naye hakuondoka. Simu yake ilikuwa mkononi na uso wake umeroa wote. Nilimpa shikamoo, kwa kuwa alinizidi kidogo, akaniitikia marahaba kwa tabu. Nikamuuliza kama ana mtoto mle. Akasema ndiyo, wa mwisho, anakwenda kusomea umakanika wa meli. Nikamuuliza jina lake yeye mwenyewe. Aliponiambia nilishtuka, kwa sababu nililijua. Tangu mwaka uanze nilikuwa nikilisoma karibu kila siku kwenye lile kundi la simu, chini ya matangazo na maua, na yeye akilisoma langu. Tulikaa kwenye ukingo wa saruji mpaka jua likawa kali, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka, na ilinichoma roho kufikiri kwamba katika kundi lile zima, lenye wazazi wote wale, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuandika kwamba anaogopa.