Ufunguo wa Mlango wa Nyuma

Siku ya tatu ya mafunzo Castory alikaa tena kiti cha nyuma kabisa, mahali ambapo mtu anaweza kumaliza siku bila kuulizwa kitu. Ukumbi ulikuwa Usagara, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ndani walikuwamo wakuu wa ulinzi ishirini na mmoja kutoka mabenki, mahoteli na maghala ya Tanga. Baadhi walikuwa wanajeshi wastaafu. Wengine walikuwa na shahada na waliandika bila hata kutazama daftari. Castory alikuwa na cheti cha darasa la saba na miaka kumi na tisa ya kusimama getini. Kila mkufunzi alipoinua macho, yeye aliinamisha yake. Alichokiogopa ni kuitwa mbele, basi.

Baba yake alitoka Songea akaja kukata mkonge mashambani Muheza, akaoa hukohuko, akafa hukohuko. Castory alizaliwa kambini, akakulia kambini, na alipopata kazi katika kiwanda cha kamba upande wa Pongwe alipewa rungu, tochi na koti lililompwaya. Hakuwahi kuchelewa zamu. Maneno yake yalikuwa machache mno hata walinzi wenzake wakamwita Bubu. Mwaka huu mkuu wao alipostaafu, meneja Innocent alimpa Bubu nafasi hiyo, na watu wote kiwandani walijua kilichompandisha ni kufuli.

Ilikuwa hivi. Kiwandani kuna chumba cha brashi, ambamo kina mama hulisha singa, yaani nyuzi za mkonge, kwenye mashine za kuzichana. Kina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Kwa huo wa nyuma singa zilikuwa zikiibwa, furushi baada ya furushi, na ufunguo ulipotundikwa kwenye ubao wa walinzi mtu akachongesha mwingine kama huo. Castory akanunua kufuli jipya, akafunga mlango kwa mnyororo upande wa ndani, na ufunguo akaufunga kwa uzi kwenye suruali yake. Wizi ukakoma wiki hiyohiyo. Innocent akamsifu mbele ya mkurugenzi. Tangu siku ile ufunguo ulikwenda naye nyumbani Makorora, ukaenda naye kanisani, na sasa ulikuwa naye mafunzoni.

Mkufunzi, Bwana Uweso, alikuwa mzee mwembamba aliyefanya kazi ya zimamoto mpaka akastaafu. Asubuhi alikusanya simu zote kwenye kikapu, akasema wake na waume zao watasubiri. Saa nne walikunywa chai na maandazi. Baada ya chai akagawa karatasi kubwa.

"Chora mahali pako pa kazi," alisema. "Weka kuta, weka milango. Halafu washa moto pale unapopaogopa zaidi, unionyeshe watu wanatokea wapi."

Kuchora Castory aliweza. Alichora chumba cha brashi, mashine nane, milango miwili. Kwa kalamu nyekundu akawasha moto kwenye mashine namba mbili, iliyo karibu na mlango wa mbele, kwa sababu ndiyo iliyozoea kutoa cheche. Vumbi la mkonge halichelewi kushika moto, na humo ndani linatanda mpaka kwenye boriti za paa. Akaanza kuchora mishale ya watu wakikimbilia mlango wa nyuma. Kalamu ikafika mlangoni ikasimama.

"Kumbe tunaye fundi huku nyuma," alisema Bwana Uweso, ambaye alikuwa amesimama begani kwake. "Na hiki kiduara hapa mlangoni ni nini?"

"Kufuli, mzee."

"Ufunguo uko wapi?"

"Uko salama."

"Salama wapi?"

Mkono wa Castory ulikwenda mfukoni wenyewe. Mama mmoja wa hoteli aliyekaa mbele yake aligeuka, akauona ule mkono, akapasua kicheko. "Jamani, huyu kaja na mlango!" Ukumbi mzima ukacheka.

Bwana Uweso hakucheka. "Leo kuna watu humo ndani?"

"Hamsini na watatu."

"Saa hizi?"

"Saa hizi, mzee."

Kicheko kikakatika. Castory aliiona ile mishale yake mwenyewe imerundikana kwenye kiduara. Miezi mitano tangu kufuli lile, alihesabu. Miezi mitano kila siku.

Mzee akamletea kikapu. "Chukua simu yako, piga, wauvunje huo mnyororo."

Akampigia Yasini, msaidizi wake. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu.

"Nenda," alisema Bwana Uweso taratibu. "Ila usikimbie kwenye ngazi. Ukianguka wewe, na ufunguo umeanguka."

Akapanda bodaboda. Dereva alimwuliza kama kuna msiba, akaambiwa aende tu. Njia nzima Castory aliushika ufunguo ndani ya mfuko, ukaloa jasho. Walipokaribia Pongwe aliona moshi mweusi umesimama juu ya miti, upande uleule wa kiwanda. Akaanza Salamu Maria, akafika katikati, akaisahau, akaanza upya, akaisahau tena palepale.

"Wanachoma matairi, mzee," dereva alisema bila kuulizwa. "Hawa watu hawana adabu."

Ilikuwa kweli. Moshi ulitoka kando ya barabara, na mtu alikuwa ameegemea jembe akiuangalia.

Getini Yasini alisimama wima, kalamu mkononi. "Shikamoo, mkuu. Saini kwanza."

"Yasini, fungua geti!"

"Ulisema mwenyewe. Asiyesaini haingii, hata ukiwa wewe." Yasini alitabasamu kwa ujanja. "Najua hawa wa mafunzo wamekutuma unijaribu. Sikosei hata kidogo."

"Nimekupigia simu mara tatu!"

"Imo ofisini, mkuu. Si ulikataza simu getini?"

Castory akasaini. Hata yeye hakuitambua saini ile. Akakimbia kupita mizani, kupita kisima, akaingia chumba cha brashi huku akihema.

Mashine zilikuwa zinanguruma. Kina mama walikuwa kazini, khanga zimefungwa puani. Hapakuwa na kitu. Bi Sabra, mkongwe wao, aliyemjua Castory tangu koti lile la kumpwaya, akafunua uso.

"Haya, mwenye ufunguo kaja! Wamekufukuza shule, mwanangu? Hukulipiwa ada?"

"Shikamoo, Bi Sabra. Kuna usalama?"

"Marahaba. Usalama upo. Namba mbili imetuwakia kidogo, tumeimwagia mchanga, basi."

"Imewaka lini?"

"Saa nne hivi. Si kitu, mbona kila wiki inawaka? Leo ndiyo imepanda kidogo, ikamla Sabiha ushungi."

Akamwonyesha. Sabiha, binti mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amejitanda khanga ya kuazima, na nyusi za upande mmoja hazikuwapo. Castory alimtazama, akakumbuka saa nne yeye alikuwa wapi. Alikuwa akiomba andazi la pili.

Akaenda kwenye mlango wa nyuma. Ufunguo ulimponyoka mara mbili kabla haujaingia. Akaondoa kufuli, akavuta mnyororo, akausukuma mlango. Ulisogea upana wa kiganja, ukagoma. Akausukuma kwa bega. Akatia jicho kwenye upenyo, akaona singa tupu kutoka chini hadi juu. Wapakiaji, kwa kuwa mlango siku hizi haufunguliwi, walikuwa wamepanga marobota ya singa nje, ukuta mzima.

Basi hata angekuwapo. Hata angekuja mbio na ufunguo mkononi, mlango usingefunguka.

Alikaa chini kwenye vumbi. Bi Sabra akazima mashine yake, na wengine wakazima zao mmojammoja, kwa kuwa hawakuwahi kumwona Bubu amekaa chini kazini. Katika ukimya ule viatu vya meneja vikasikika.

"Nani kasimamisha kazi?" Innocent aliuliza. "Castory! Si uko mafunzoni wewe? Na hilo kufuli mbona liko chini?"

Castory akainuka. "Bosi, naomba mlango huu usifungwe tena."

"Usifungwe? Nilikusifu kwa kufuli hilo. Mimi ndiye niliyekuombea ukuu. Zikianza tena kutoka singa hapa nitamwambia nini mkurugenzi? Rudisha kufuli, urudi shule. Kama kazi imekushinda, sema, wapo wanaoitaka."

Castory aliogopa kweli. Alikuwa na watoto wanne na nyumba isiyokwisha. Alitazama mlango, akamtazama Sabiha, na alichokisema ndicho pekee alichokijua vizuri katika kazi yake.

"Yasini," aliita, "lete daftari la getini."

Yasini akaja nalo akikimbia. Castory akaliweka juu ya robota, akaandika polepole, midomo ikifuata herufi. Tarehe. Saa. *Mlango wa nyuma umefungwa kwa kufuli. Ndani wamo watu 53. Ufunguo umekabidhiwa kwa:* Akaacha nafasi. Akakata uzi kwa meno, akauweka ufunguo juu ya ukurasa, akamwelekezea meneja kalamu.

"Basi ukae nao wewe, bosi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini mashine zilikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Mimi siwezi tena. Ila tia saini, ni utaratibu."

Innocent aliichukua kalamu. Akasoma mstari ule. Akausoma tena. Hamsini na watatu walikuwa wamesimama wanamtazama, khanga zimeshushwa, nyuso zote nje.

"Na saa uandike vizuri, baba," alisema Bi Sabra, na mara hii hakuwa anatania.

Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu, ikaacha kidoa cha wino. Kisha Innocent akailaza.

"Waiteni wapakiaji," alisema bila kumtazama mtu. "Waondoe marobota. Na wewe, Castory, tutazungumza Jumatatu."

Aliondoka. Ilichukua saa nzima marobota kuisha. Mlango ulipofunguka, upepo uliingia na vumbi likaanza kutoka nje. Castory alisimama kizingitini, akawaomba kina mama wote watoke kwa mlango ule, mmojammoja, yeye akihesabu kwa sauti. Walipita wakicheka na kumgongagonga bega. Sabiha alikuwa wa arobaini na moja. Alipofika hamsini na tatu alirudi ndani, akachungulia chini ya kila mashine, akatoka, akaomba wapite tena.

Mpaka Jumatatu ilipofika alikuwa bado anatia mkono mfukoni, akiutafuta ufunguo, anashika ule uzi uliokatika tu.