Mafundo Thelathini na Manane

Mtoto wa jirani yetu alikuwa na gauni. Naanza na gauni kwa sababu ndilo lililoniwasha, ingawa mama yangu hadi uzee wake alishikilia kwamba mimi nilizaliwa na wivu na gauni lilikuwa kisingizio tu. Lilikuwa la manjano, lenye vifungo vyeupe mgongoni, na baba yake alilinunua dukani kwa Muhindi pale soko la Roret. Sisi wasichana wengine tulivaa ngozi za mbuzi zilizolainishwa kwa mafuta, na hatukuwa na ugomvi nazo mpaka siku ile alipovuka kijito akiwa amevaa kitu kile. Alinigeuzia mgongo ili nione vifungo. Nikamwambia vimeshonwa vibaya.

Tulikuwa rika moja, miaka kumi hivi. Kwao kulikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko uliojaa ng'ombe wa baba yake. Kwetu kulikuwa na mbuzi wanne na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kifuani. Baba yangu na baba yake walikuwa wametahiriwa pamoja, na kwa watu wetu, Wakipsigis, hilo huwafanya zaidi ya ndugu. Lakini wakati huo baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda kufanya kazi ya reli upande wa Kipkelion, akatuacha na mama na mdogo wangu mchanga, ambaye mama alikuwa hana maziwa ya kumtosha. Yule ng'ombe mwekundu ndiye aliyemlea mtoto yule.

Sasa kuna jambo lililonikera kuliko gauni. Karibu kila alasiri msichana yule alipita kwetu akirudi kutafuta ndama, na mama, akimwona tu, aliacha alichokuwa akifanya. Alichukua kibuyu, akakitikisa, akamimina maziwa ndani ya kata na kumpa yeye kwanza. Kwanza, kabla yangu, na mimi nimekaa pale pale nimenyoosha mkono.

"Mpe mwenzako nafasi anywe," mama aliniambia.

Alikunywa polepole, akafuta mdomo, akashukuru kwa adabu kama mtu mzima. Mimi nilipewa kilichobaki. Niliamini kabisa kwamba mama anampenda yeye kuliko mimi, kwa kuwa yeye alikuwa mzuri na ana gauni. Usiku nilimwombea mabaya madogo madogo: ajikwae, vifungo vikatike.

Nikaamua kununua gauni langu. Njia ya kwanza niliyoifikiria ilikuwa maziwa. Ng'ambo ya mto mkubwa yalikuwa mashamba ya chai ya Wazungu, na huko kambini waliishi wafanyakazi wengi waliotoka upande wa ziwa, watu wasio na ng'ombe karibu. Wanawake wa kwetu waliwapelekea maziwa na kuwauzia chupa moja senti kumi. Nikamwambia mama anipe chupa moja tu kila asubuhi.

"Maziwa ya ng'ombe huyu hayauzwi," alisema.

"Mbona wenzetu wanauza?"

"Hayauzwi, nimesema."

Hakueleza zaidi. Nikanuna siku mbili, kisha nikafuatana na watoto wengine kwenda kuchuma chai.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Nyapara alikuonyesha mara moja tu: majani mawili na kichipukizi chake, unavunja kwa kidole gumba, unatupa kikapuni mgongoni. Mvua ya kule hunyesha karibu kila siku, na michai hushika maji, hivyo kufikia saa nne ulikuwa umelowa mpaka kiunoni. Jioni karani, kijana wa upande wa ziwa mwenye kalamu sikioni, alipima kikapu na kukuchorea mstari kwenye tikiti yako. Kikapu kikipungua hakuchora kitu, na siku yako ikapotea. Tikiti ilikuwa na vyumba thelathini. Vikijaa vyote mtoto alilipwa shilingi nne. Visipojaa hakulipwa hata senti.

Nilipokuwa na mistari sita nilikwenda dukani. Gauni la manjano lilikuwepo jingine, limening'inia juu ya magunia ya chumvi. Shilingi tatu na nusu. Nilimwonyesha Muhindi tikiti yangu na kumwomba asiliuze.

"Wewe maliza tikiti," alisema. "Mimi nangoja."

"Utasahau."

Akacheka, akanionyesha kitabu kirefu cheusi. "Hii hapana sahau. Mtu nakuja, nachukua chumvi, mimi naandika. Nakuja tena, nachukua sukari, naandika. Yeye nasema, ah, kidogo tu. Mwisho wa mwezi mimi nafungua, nasoma. Kidogo, kidogo, kidogo, sasa shilingi kumi. Hapana kelele. Nalipa."

Nilirudi nyumbani nikilifikiria jambo hilo njia nzima. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba kitu ambacho mtu amekwisha kukila kinaweza kudaiwa. Kwetu ulipokula umekula.

Nilimaliza tikiti baada ya wiki saba, maana siku nyingi kikapu kilipungua. Nilipewa shilingi nne. Nikafika nazo nyumbani nikiimba, na nikamkuta karani wa chifu amekaa kwenye kigoda anadai kodi ya nyumba. Baba alikuwa hajaleta kitu. Mama alikuwa ameuza mbuzi wawili na bado zilipungua shilingi nne. Hakuniomba. Alinyoosha kiganja, nami nikaziweka humo, moja moja, nikilia bila kujificha.

Na katikati ya kilio changu nani anatokea kwenye njia ya ndama? Mama akamlipa karani wa chifu, akaenda ndani, akatoka na kibuyu.

Ndipo nilipoanza kufunga mafundo. Sikujua kuandika, lakini nilijua kusokota kamba ya magome. Kila alipokunywa kata moja nilifunga fundo moja, na kamba nikaificha kwenye paa. Sikurudi kwenye chai. Kwa nini nilowe bure, wakati kuna mtu ninayemdai zaidi kila alasiri? Kata moja ilikaribia kujaza chupa, basi nikaihesabu chupa. Ilinipa raha kubwa sasa kumwona akija. Hata nilimkaribisha mwenyewe. Siku moja alitaka kuacha nusu, nikamwambia amalize. Siku nyingine nilishindwa kujizuia nikamwita mlafi, akaniangalia tu, akanywa.

Yalipofika mafundo thelathini na manane, baba yake alikuja kwetu na wazee wengine wawili kumsaidia mama kuezeka paa lililokuwa likivuja. Ile kamba ingeonekana, nikaitoa mapema na kuivaa kiunoni. Walipomaliza kazi walikaa chini kunywa uji wa wimbi. Niliona nafasi ndiyo hii, mbele ya mashahidi, jinsi Muhindi anavyofungua kitabu. Nikasimama mbele ya mtu yule mzima, rafiki wa baba yangu, nikamwekea kamba magotini.

"Mtoto wako amekunywa maziwa ya ng'ombe wetu mara thelathini na nane," nilisema. "Chupa ni senti kumi. Ni shilingi tatu na senti themanini."

Mama aliinuka, kisha akakaa tena. Wazee wawili walitazama uji wao. Baba wa yule msichana aliichukua kamba, akaipitisha vidoleni, akahesabu mafundo yote bila haraka. Kisha akatoa mfuko wa ngozi shingoni, maana alikuwa ametoka kuuza fahali, akanihesabia shilingi tatu na senti themanini kamili kwenye kiganja.

"Nimelipa," alisema. Halafu akamgeukia mama. "Kumbe siku hizi tunahesabiana. Basi tuhesabiane. Kesho nitatuma mtu aje amchukue ng'ombe wangu."

Akaenda zake, na wenzake wakamfuata.

Nilikuwa nimeshika hela ya gauni, na chenji juu. Nilisema, "Ng'ombe gani wake?" Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alianza kukusanya vibuyu vya uji, na huku anakusanya akaniambia, kwa sauti ndogo ili mtoto asiamke, kitu ambacho watu wetu hawawaambii watoto.

Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Magonjwa yakija yatawamaliza, na macho ya watu ni mabaya. Humpa rafiki yake ng'ombe mmoja amtunze. Rafiki anakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama atakaowazaa ni wa mwenyewe. Jambo hilo tunaliita kimanagan, na halitangazwi. Wala mwenye ng'ombe hamwambii mwenzake "unakunywa changu." Huo ndio urafiki wenyewe. Ng'ombe mwekundu aliletwa kwetu mwaka nilioota jino la kwanza la chini, mama akasema, baada ya ng'ombe wetu kufa wote. Nilikuwa nimelelewa naye, na sasa alikuwa anamlea mdogo wangu.

"Maziwa yale ninayompa yule mtoto," alisema, "ni salamu tu. Ni kidogo sana. Nilikuwa naona haya kwamba ni kidogo."

Mdogo wangu akaamka akaanza kulia. Mama alimkamulia, akamnywesha, na niliwatazama mpaka akalala. Kesho yake kile kibuyu kingekuwa kitupu. Sikuweza kufikiri jingine.

Alfajiri kabla mtu wa kumchukua ng'ombe hajafika, mama alinituma peke yangu. Nilivuka kijito na zile hela nimezibana hata zikanichora kiganjani. Baba wa msichana alikuwa zizini. Nilimpa hela, na maneno mama aliyonifundisha yote yakapotea. Nikasema tu, "Mtoto wetu hana maziwa mengine."

Alizihesabu, kama alivyohesabu mafundo. Akazirudisha mfukoni. Akaanza kumkuna fahali mmoja nyuma ya sikio, na mimi nikiamini kabisa kwamba nimechelewa.

"Mwambie mama yako ng'ombe atakaa pale alipo," alisema mwishoni. Halafu akamwita mke wake, na mke wake akatoka na kata ya maziwa, akanipa. Niliinywa pale zizini, mbele yao. Nisingethubutu kuacha hata tone.

Binti yake alinisindikiza hadi kijitoni, kama ilivyo adabu kwa mgeni. Hakuvaa gauni asubuhi ile, alivaa ngozi kama mimi. Tulikwenda mpaka majini.

"Ulijua?" nilimwuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Baba alinionyesha, akanikataza kusema."

"Hata siku ile nilipokuita mlafi?"

"Hata siku hiyo."

"Ningekuwa wewe ningesema," nikamwambia. "Ungesema tu, ningenyamaza."

Aliokota kijiwe akakitupa majini. "Nilitaka kusema," alisema. "Lakini ungeona haya, ungeacha kunywa. Na wewe unapenda maziwa."

Akarudi kwao akipanda mteremko. Nilisimama kwenye maji baridi nikimtazama, na wivu ulionishika hapo haukuwa na dawa dukani. Nilijaribu kujiambia kwamba ni rahisi kunyamaza ukiwa na ng'ombe wengi. Lakini yule mmoja niliyedhani ni wetu hakuwa wetu, na bado nilimhesabia mwenzangu kila kata.